Mvuvi, ndama na nadhiri ya yoga

Ukiijua yoga kwa kupitia simu, utaijua kwa mikeka, suruali za kubana na mtu aliyesimama kwa kichwa ufukweni. Patanjali, mwanafalsafa wa Kihindi wa kale ambaye sutra zake, yaani semi fupi za mafundisho, ndizo msingi wa yoga, hakuyashughulikia sana hayo. Sutra zenyewe hazifiki 200, na zinazozungumzia mkao wa mwili ni tatu tu. Kabla ya mkao ametanguliza yama, miiko mitano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia matamanio ya mwili na kutojilimbikizia mali.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Mengi ya hayo tulishafundishwa madrasa au kanisani. Ugomvi unaanza kwenye sutra ya 31 ya sura ya pili, inayosema miiko hiyo ni nadhiri kuu, haipunguzwi na nasaba, mahali, wakati wala hali. Vyasa, mfafanuzi wake wa kale, anatoa mfano wa mvuvi: huyu hadhuru kiumbe chochote, isipokuwa samaki. Mwingine haui akiwa mahali patakatifu. Mwingine haui siku fulani ya mwezi. Kwa Vyasa, wote hao bado.

Naipenda hoja hii kwa sababu inamvua mtu visingizio. Karani asiyegusa hata shilingi ya jirani yake anabeba rimu ya karatasi za ofisi kwenda nazo nyumbani, watoto wachoree. "Ni ya serikali," anasema. Huyo ndiye samaki wake. Wangu mimi ni ule ujumbe wa "nipo Ubungo hapa, nakaribia", nikiwa bado natafuta soksi.

Lakini mwambie mvuvi wa Kojani awaache samaki, wanawe wale nini? Nadhiri isiyo na mlango wa dharura inamfaa aliyekwisha kuaga dunia ya ada za shule na kodi ya nyumba. Wahindi wenyewe walilijua hilo. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, shujaa Arjuna anaangusha upinde kwa kuona ndugu zake upande wa pili wa vita, na mungu Krishna anamwambia apigane, atimize wajibu bila kung'ang'ania matunda yake. Nayo pia inaitwa yoga.

Gandhi naye alikwama hapo hapo. Mwaka 1928, kwenye ashramu yake, makao ya kiroho, ya Sabarmati, Ahmedabad, ndama alikuwa akiteseka kwa ugonjwa usio na tiba. Mtu aliyejulikana dunia nzima kwa kutodhuru akaruhusu ndama adungwe sindano ya kumuua. Alilaumiwa vikali. Akajibu kwamba kumwacha agaegae kwa maumivu ndiko kumdhuru. Namuelewa, ila waliomlaumu nao hawakuwa wajinga: ukishairuhusu "hali" iingie, mlango alioufunga Patanjali uko wazi, na kila mtu ataingia na ndama wake.

Kwa hiyo mimi nagawa. Panapohusu chakula au uhai wa mwingine, siwezi kumdai mtu nadhiri kamili. Pale gharama ni aibu yangu tu, sioni kwa nini nijipunguzie.

Ninachokishuku zaidi ni santosha, kuridhika. Mwajiri anayechelewesha mishahara miezi miwili kisha akaleta mwalimu wa kuwafundisha wafanyakazi kupumua na kuridhika, hajafuata Patanjali. Santosha imewekwa kwenye niyama, mambo anayojiwekea mtu mwenyewe. Haikuandikwa ili umhubirie uvumilivu anayekudai.

Juzi nilijaribu mwiko wa kusema kweli. Rafiki kauliza nimefika wapi, nami nikamjibu: "Ndiyo kwanza naingia kuoga." Akatuma vikaragosi vitatu vya kucheka, akaniagizia chai kabisa, akijua nipo Ubungo.