Haraka haraka haina baraka: ya shekhe au ya mchungaji?

Juzi nimepanda bajaji mjini Tanga naelekea Raskazone, nyuma ya kiti cha dereva kuna stika imeandikwa HARAKA HARAKA HAINA BARAKA, afu chini yake kwa herufi ndogo: Mithali 20:21. Sikusema kitu. Ila jioni nimekaa barazani huku Ngamiani na kikombe changu cha kahawa nikaropoka kuhusu ile stika, loh, ningejua ningenyamaza. Mzee mmoja akaweka kashata chini kabisa, akaapa Wallahi ile ni hadithi ya Mtume na hao wa bajaji wameichukua tu. Jirani yangu fundi cherehani, yeye Mkristo, akasema mzee wangu shikamoo lakini hapo umeteleza, iko kwenye Biblia na nakuletea sasa hivi. Akaenda kweli kuileta.

Mi naona wote wawili wamekosa, na nimelala siku mbili nalifikiria hili jambo kwaiyo acha niliandike.

Nianze na mzee. Hadithi anayoisema ipo, imepokelewa na Tirmidhi, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi za Mtume, maana yake ni kwamba utulivu unatoka kwa Mwenyezi Mungu na pupa inatoka kwa shetani. Na kwenye Qur'ani, Sura Al-Anbiyaa aya ya 37, tunaambiwa mwanadamu kaumbwa na haraka. Sawa. Lakini nenda kwenye Kiarabu chenyewe uone, kote kule neno ni ajala na nduguze, haraka halipo wala baraka haipo. Haraka ya Waarabu sio kukimbizana, ni kujongea, kutikisika tu, na waliokaa chuoni, madrasa yani, wanajua zile alama za irabu, fataha na kisra na dhumma, tulizochapiwa bakora nazo, Waarabu wanaziita harakati maana ndo zinaifanya herufi ijongee.

Afu kuna hii sasa, ndo iliyoninyima usingizi. Waarabu wana msemo wao maarufu, fil haraka baraka. Yani kwenye kujongea mna baraka, inuka toka nje katafute riziki usijilalie. Vina vilevile, haraka na baraka, ila wao wanasema ipo na sisi tunasema haina! Nilipowaambia barazani mzee akanitazama kama nimemtukania ukoo. Ila ndo hivo. Na ukichunguza neno lenyewe tumelichukua mara mbili bila kujijua, harakati likabaki na maana ya kwao, ndo tunasema harakati za uhuru, harakati za maisha, halafu haraka likageuka likawa spidi. Ungesema harakati zina baraka ungekuwa umewapa Waarabu msemo wao mzima mzima.

Upande wa fundi nao. Biblia ilifika, tukafungua, Mithali 20:21 inazungumzia urithi, ule uliopatikana haraka mwanzoni kwamba mwisho wake hautabarikiwa. Haraka ipo, kubarikiwa kupo, kwaiyo aliyechapisha stika simlaumu. Lakini pale habari ni mali ya urithi, sio mwendo, na hii tafsiri ya Biblia ya Union Version tunayoisoma wengi ni ya 1952, hata zile tafsiri za mwanzo za wamisionari ni za karne ya 19. Walipokuja kutafsiri waliyakuta haya maneno yapo huku mwambao, yanasemwa sokoni na majahazini, wakayatumia kama mtu anavyotumia sufuria alilolikuta jikoni. Hakuna aliyeiba. Baraka ya Kiarabu na ile ya Kiebrania shina lake moja, kwaiyo usishangae likionekana kwenye vitabu vyote viwili.

Sasa mi nasemaje? Nasema hii imeshonwa hapahapa pwani. Kitambaa cha Kiarabu, fundi Mswahili. Angalia ile kurudia neno mwanzoni, haraka haraka. Nani anaongea hivo? Sisi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Bandu bandu huisha gogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ngoja ngoja huumiza matumbo (hii nayo inaipinga ile ya haraka waziwazi na hakuna anayegombana). Ni kalibu moja, wahenga wetu walikuwa wanatupia neno lolote mle linatoka methali, na siku hiyo likatupiwa la Kiarabu.

Hesabu na mizani basi. Ha-ra-ka-ha-ra-ka, sita. Ha-i-na-ba-ra-ka, sita. Kina ka huku, kina ka kule. Sema haraka moja tu, haraka haina baraka, maana iko palepale lakini inachechemea, masikio yanakataa. Huo mkono ni wa mtu aliyezoea kutunga mashairi, sio wa mtafsiri. Kwa hapa Tanga watu wa namna hiyo hawajawahi kuadimika, ukikaa baraza lolote nusu saa utamkuta mmoja anakujibu kwa vina.

Kinachonikera kidogo ni hii tabia ya kudhani kitu kizuri lazima kiwe kimetoka Makka au Yerusalemu, yani bibi zetu wao walikuwa wanafanya nini, wanapepeta mchele tu?

Basi nikamwambia mzee ahesabu mwenyewe. Akahesabu kwa vidole kwenye ukingo wa kikombe, polepole, sita, akarudia, sita. Akanyamaza. Fundi akafunga Biblia yake. Nikajua nimeshinda, kumbe mzee anavuta pumzi, "Haya, na subira yavuta heri? Na hiyo utanambia si ya Qur'ani?" Muuza kahawa alishaanza kukusanya vikombe, nikamwambia mzee wangu hiyo tuiweke ya kesho.