Ndoa Isiyobarikiwa na Meza ya Bwana: Mzigo wa Nidhamu Unamwangukia Nani?

Jumapili ya Meza ya Bwana, safu zinaponyanyuka moja moja kuelekea madhabahuni, yuko mama mmoja katika usharika wetu ambaye husogeza magoti pembeni ya benchi ili wenzake wapite, kisha hubaki ameketi na kitabu cha nyimbo mapajani. Ni mwimbaji wa kwaya, hutoa ahadi yake kwa bahasha kila mwezi, na zamu yake ya kupokea ibada ya jumuiya inapofika hajawahi kuomba udhuru. Kosa lake linalojulikana ni kwamba huu ni mwaka wa kumi na moja anaishi na mume bila ndoa yao kubarikiwa. Mimi ni mmoja wa wazee wa kanisa walioketi katika kikao kilichothibitisha kwamba asishiriki, na niliunga mkono. Bado naamini kwamba fundisho lililotuongoza ni la kweli, lakini sina tena hakika kwamba tulilitumia kwa haki.

Hoja ya wanaoshikilia msimamo wa zamani ina uzito kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Ndoa kwa Mkristo ni agano linalotamkwa mbele ya mashahidi, na ndiyo maana inatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo ili mwenye pingamizi asimame. Matangazo hayo yamewaokoa wengi, kwani mwanamume aliyetelekeza mke na watoto mkoa mmoja hawezi kwa urahisi kwenda kufunga harusi mkoa mwingine ikiwa jina lake litasomwa hadharani. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania inaupa uzito uamuzi huo wa kanisani: Wakristo wawili waliofunga ndoa ya Kikristo hawawezi kuigeuza kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanabaki katika imani hiyo. Mke aliyebarikiwa ana ngome, na anayeishi kwa mtindo wa sogea tukae hana. Mchungaji anayekataa kuufanya mtindo huo uonekane wa kawaida anaweza kuwa anamtetea binti ambaye bado hajaingia humo.

Sheria hiyohiyo, hata hivyo, ina kifungu cha 160, kinachosema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, watachukuliwa kuwa wana ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikikanushwa mahakamani, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Wapo wahafidhina wanaokiona kifungu hiki kuwa zawadi kwa mwanamume asiyetaka kuahidi. Mimi nakisoma tofauti. Dola haikusema kwamba hali hiyo ni njema. Ilitazama nani angebaki mikono mitupu nyumba ikivunjika, ikamwekea kinga. Kanisa halilazimiki kuita agano kile ambacho serikali inakidhania kuwa ndoa, lakini linapaswa kuona aibu ikiwa hakimu anamwona mwanamke huyu vizuri zaidi kuliko wazee wake wa kanisa.

Maana katika kesi hizi tunazozijadili mwaka baada ya mwaka, ni mara chache anayekwamisha ndoa kuwa ndiye anayebaki benchini. Mume wa mama yule haji ibadani, kwa hiyo kutengwa hakumgusi. Kila akiulizwa anasema mahari haijakamilika na kwamba harusi itakuwa mwakani. Mke akiondoka ili arudi kundini, anaacha watoto watatu na nyumba aliyoijenga kwa kuuza maandazi. Akibaki, anakosa Meza, na tunaomwonea huruma hatuna cha kumpa zaidi ya kumtaka avumilie. Nidhamu iliyokusudiwa kumrekebisha mkosaji imeishia kumkalia yule ambaye hana uwezo wa kurekebisha.

Wenzangu huogopa kwamba tukilegeza hapa, fundisho lote litafuata. Hofu hiyo naiheshimu, lakini historia ya majirani zetu Waanglikana inaonyesha jambo jingine. Mwaka 1888 mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Matokeo yake katika Afrika yalikuwa machungu: mwanamume aliyetaka ubatizo aliwafukuza wake aliokuwa amewaoa kwa mila, wanawake hao wakarudi kwa wazazi wakiwa hawana hadhi wala shamba, nasi tukaita jambo hilo toba. Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, mkutano huohuo ulishikilia kwamba ndoa ya mke mmoja ndiyo mpango wa Mungu, lakini uliruhusu mwanamume huyo apokelewe pamoja na wake zake na watoto walioamini, kwa ahadi ya kutooa tena maadamu mmoja wa wake hao yu hai, na kwa ridhaa ya waumini wa mahali pale. Hakulazimishwa kumwacha yeyote, kwa sababu ya ufukara ambao ungewapata wanawake. Fundisho halikupunguzwa hata nukta. Kilichobadilika ni swali la nani analipa gharama ya kulitii.

Ziko njia ambazo hazihitaji hata mjadala wa namna hiyo. Sharika na parokia kadhaa hubariki ndoa za pamoja katika ibada ya kawaida, bila ukumbi, sare wala kamati ya michango, na wengi waliokuwa wakisubiri fedha za sherehe hurudi kundini kwa siku moja. Wazazi Wakristo nao wangeweza kukubali mahari imaliziwe baada ya baraka. Baba mhafidhina anayezuia ndoa ya mwanawe kwa ng'ombe wawili waliobaki amejiwekea utaratibu wake mwenyewe juu ya ule wa Kanisa.

Linabaki lile gumu, la mume asiyetaka. Pendekezo nitakalolipeleka kwenye kikao kijacho ni kwamba wazee wawili waende kwake kabla ya jina la mke kuguswa, waende zaidi ya mara moja, na kwamba mwanamke aliyetamka mbele yetu kuwa yuko tayari kufunga ndoa siku yoyote asihesabiwe pamoja na aliyekataa. Najua mmoja wa wenzangu atauliza kama basi tunabariki uzinzi. Nitamjibu kwamba mama huyu ameomba ndoa ya kanisani mara nne, na barua zake zote zimo katika faili la usharika.