Kiazi kitamu hakihitaji kikombe cha sukari

Sikukuu zikikaribia, bakuli la viazi vitamu vya kuoka halikosi kutajwa, na kila mara naona watu wakimimina sukari kikombe kizima. Naumia. Kwa kilo moja na nusu ya viazi, vijiko viwili vya chakula vinatosha, na hata hivyo unaweza kuviacha. Sukari nyingi huja kuficha kosa lililofanyika mapema: viazi vimechemshwa.

Kiazi kibichi kimejaa wanga. Ndani yake mna kimeng'enya kinachougeuza wanga huo kuwa sukari iitwayo maltosi, nacho hufanya kazi vizuri kiazi kikiwa na joto la takriban nyuzi 60 hadi 75 za Selsiasi. Joto likipanda upesi kupita hapo, kimeng'enya huharibika kazi ikiwa nusu. Kata kiazi vipande, kitumbukize kwenye maji yanayotokota, nacho kitatoka laini lakini kimepooza, kimelowa, na sehemu ya utamu wake imebaki sufuriani.

Kwa hiyo oka kizima, na ganda lake. Osha, futa, toboatoboa kwa uma, kisha weka kwenye oveni ya nyuzi 190 kwa saa moja au zaidi kidogo. Usikikimbize. Kikiiva, ganda hukunjamana na kuanza kuachana na nyama yake, na kwenye vile vitundu vya uma huchuruzika utomvu mzito wa kahawia unaogandia kwenye trei. Huo ndio utamu wenyewe! Mimi huukwangua kwa kijiko nikaurudisha bakulini.

Menya, ponda, tia siagi gramu 60, chumvi nusu kijiko cha chai, tangawizi mbichi ya kukuna na maji ya nusu limau. Limau ndilo linalosahaulika zaidi, na bila hilo utamu hukinai haraka. Mdalasini sawa, lakini kidogo. Kumbuka chakula hiki kinakaa sahani moja na nyama yenye chumvi na mchuzi wake. Kikiwa kitamu kama keki, watu huonja kijiko kimoja wakakisukuma kando.

Jambo jingine: viazi vibichi usiviweke kwenye friji. Baridi hukifanya kiini kuwa kigumu, na hata uoke vipi hakilainiki.

Kuoka na kuponda vifanye jana yake, maana siku yenyewe oveni ina foleni. Asubuhi toa bakuli kwenye friji mapema, hasa likiwa la kioo, kwa sababu likitoka kwenye baridi na kuingia motoni papo hapo linaweza kupasuka. Kisha nusu saa bila kifuniko, mpaka kingo zishike rangi.