Hokusai na Hiroshige Wanastahili Kutajwa Kwenye Sahani za Rousseau

Seti mashuhuri kuliko zote za vyombo vya mezani vilivyotengenezwa Ufaransa kwa mtindo wa Kijapani inajulikana kwa jina la mfanyabiashara. Eugène Rousseau alikuwa na duka la vyombo jijini Paris. Mwaka 1866 alishirikiana na mchoraji Félix Bracquemond, bingwa wa kuchonga picha kwenye mabamba ya shaba, na kazi ya kuvifinyanga ikapelekwa kwenye kiwanda cha Creil-Montereau. Mwaka uliofuata vyombo vikaonyeshwa kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Paris, yale yale ambayo Japani ilishiriki na kuleta bidhaa zake. Vikasifiwa sana. Hata mshairi Stéphane Mallarmé akawa miongoni mwa waliovishangilia. Tangu hapo vinaitwa Service Rousseau, na jina la aliyeuza likafunika majina ya waliochora: Bracquemond, na wachoraji wawili wa Kijapani ambao picha zao alizifuata, Hokusai na Hiroshige.

Naipenda kazi hii kwa dhati, ndiyo maana jambo hili linanikera.

Tazama sahani moja. Upande mmoja yuko jogoo, au kambakoche mwenye pembe ndefu zinazokaribia kugusa ukingo. Mbali naye kuna tawi la maua, na pembeni kabisa kereng'ende au kipepeo mdogo. Vitu vitatu, kila kimoja na ukubwa wake, wala hakuna kinachokaa katikati. Sehemu kubwa ya sahani imeachwa nyeupe. Mnunuzi wa Paris wa wakati ule alizoea shada la maua lililozunguka ukingo kwa vipimo sawa, na picha moja katikati. Mbele yake sasa palikuwa na sahani isiyo na juu wala chini, ambayo unaweza kuizungusha upendavyo na bado picha ikakaa vizuri.

Wanyama wale wametoka wapi? Wametoka Japani moja kwa moja. Ufaransa na Japani zilitia saini mkataba wa biashara mwaka 1858, na katika miaka iliyofuata vitabu na picha za chapa za Kijapani vikazidi kuingia Paris. Inasimuliwa kwamba Bracquemond aliona kitabu cha Manga, mkusanyo wa michoro ya Hokusai, katika karakana ya mpiga chapa Auguste Delâtre mwaka 1856, kikiwa kimetumika kufungashia vyombo vya kaure. Wanahistoria wengi wanautilia shaka mwaka huo, nami naona wana haki. Jambo lisilo na shaka ni lile tunaloliona kwa macho: picha kadhaa za seti hii zinafuata kurasa za Hokusai mstari kwa mstari, na samaki na kamba kadhaa ni wale wale wa Hiroshige. Hokusai alifariki mwaka 1849, Hiroshige mwaka 1858. Hakuna aliyeishi kuona kazi yake ikipakuliwa chakula Ufaransa.

Wapo wanaouita huu wizi. Siungi mkono. Manga ya Hokusai, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1814, ilichapishwa ili iwe kielelezo: mwanafunzi ajifunze kuchora ndege, fundi apate umbo la samaki wa kutia kwenye kazi yake. Kunakili kulikuwa ndiyo matumizi yake. Fundi wa Kijapani aliyehamishia ukurasa wa Hokusai kwenye chombo alikuwa anafanya kile ambacho kitabu kilimwalika afanye, na Bracquemond alifanya vivyo hivyo kutoka ng'ambo ya dunia.

Tena hakuishia kunakili. Kurasa za Manga zimejaa pomoni: ndege, wadudu, wavuvi, wapiganaji, wamesongamana kama abiria wa daladala asubuhi. Bracquemond alimtoa mnyama mmoja kwenye msongamano huo akampa uwanja wake. Alichonga picha nyingi pamoja kwenye bamba, zikachapwa karatasini, kisha karatasi zikakatwa na kila kipande kikabandikwa mahali pake juu ya chombo. Motoni karatasi iliteketea, mistari ikabaki. Rangi zikapakwa kwa mkono, bapa, bila kivuli, kama kwenye chapa za Kijapani. Kwa njia hiyo kila sahani ingeweza kupata mpangilio wake kutoka mabamba yale yale. Kuchagua pa kuweka na pa kuacha, hapo ndipo ninapouona mkono wa Bracquemond. Hata ukingo wa sahani, wenye mawimbi na michirizi ya buluu, ni wa Kifaransa kabisa, wa mtindo wa karne ya kumi na nane.

Na udongo wenyewe haukuwa kaure ya kifahari ya kiwanda cha Sèvres. Ulikuwa udongo mweupe wa kawaida wa kiwandani, wa kulia chakula. Hilo nalo linanivutia mno, maana chapa za Hiroshige zilikuwa bidhaa za watu wa mjini, si hazina za mabwana wakubwa.

Walioiga baadaye, wengi wao hawakufika hapo. Mwaka 1872 mhakiki Philippe Burty aliupa mkondo huu jina la japonisme, na muda si mrefu kila duka likawa na sahani za vipepeo, mianzi na mabibi wenye kimono, vimejazwa hadi ukingoni. Walichukua vitu vya Kijapani wakaacha jicho la Kijapani. Kwangu mimi, sahani yenye mdudu mmoja aliyewekwa mahali sahihi imejifunza zaidi kutoka Japani kuliko hizo zote.

Ndiyo maana suala la majina halinitoki. Watafiti wamekwisha kufuatilia picha nyingi za seti hii hadi kwenye ukurasa wa kitabu zilikotoka. Kusema tu "mtindo wa Kijapani" mahali ambapo mchoraji anajulikana ni kumgeuza mtu mwenye jina kuwa nchi nzima isiyo na uso. Kila makumbusho yenye sahani hizi iandike kwenye kibandiko chake: mchoro wa Hokusai, au wa Hiroshige, kila unapojulikana, uchongaji na mpangilio wa Bracquemond, kazi ya mafundi wa Creil-Montereau, waliopaka rangi kwa mkono, na mwisho, muuzaji, Eugène Rousseau. Mistari minne inatosha kwenye kibandiko chochote.