Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka, Hata Ukiiita RAM

Nimetoka kutazama wasilisho jingine la wauzaji wa memori ya pamoja kwa klasta za seva (makundi ya kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao), na kuna sentensi moja imenikaa kooni: "Programu yako haitajua tofauti." Eti RAM ya mashine ya jirani utaitumia kana kwamba imechomekwa kwenye ubao wako mwenyewe. Sawa, programu haitajua. Watumiaji watajua.

Tuhesabu basi. Prosesa ikiiendea RAM yake hujibiwa baada ya nanosekunde kama 100. Ikipita kwa RDMA (njia ya kusoma memori ya mashine nyingine moja kwa moja kupitia mtandao) hadi seva nyingine, hata InfiniBand, mtandao wa kasi wa seva, ikiwa nzuri na mtandao umetulia, ni mikrosekunde moja, mbili, au zaidi. Ukisoma mara moja huoni kitu. Lakini programu inayoshuka kwenye mti wa data, pointa (anwani inayoonyesha data inayofuata iko wapi) hadi pointa, haiwezi kuomba ya pili kabla ya ya kwanza kufika. Inangoja, inapiga hatua, inangoja tena. Na mwandishi wake hawezi kupanga data vizuri, kwa sababu nyinyi wauzaji mmemficha kilicho mbali na kilicho karibu!

Wala si wazo jipya hili. Mtafiti Kai Li alilifanyia kazi Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1980 kwa mfumo wa IVY: mashine nyingi, anwani zilezile za memori, kurasa (vipande vya memori vya ukubwa maalumu) zikihamishwa mtandaoni. Kazi safi, naiheshimu. Kisha mashine mbili zinaandika vitu visivyohusiana hata kidogo, ila vimeangukia ukurasa mmoja, na ukurasa unaanza kurushwa huku na huko kama mpira. Mfumo wa TreadMarks wa Chuo Kikuu cha Rice ulipunguza balaa hilo miaka ya 1990 kwa kutuma mabadiliko tu, lakini ukamtaka mwandishi wa programu aweke kufuli zake (alama za kuzuia mashine mbili zisiguse data moja kwa wakati mmoja) mahali sahihi. Kumbe lazima ajue! MPI, kanuni za programu kutumiana ujumbe kati ya mashine, ilitoka 1994, na watu wa hesabu kubwa wakakubali kuandika "tuma" na "pokea" kwa mikono yao. Hawakuwa wajinga.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: upotevu wa RAM upo. Watafiti wa Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, waliona hadi robo ya memori ikikaa bure kwa kuwa prosesa zote za seva zimeshakodishwa. Na kama ilikuwa uhamishie kurasa kwenye diski, basi bora ziende kwa jirani, kama mfumo wa Infiniswap wa Chuo Kikuu cha Michigan ulivyofanya 2017.

Seva iliyokuazima RAM ikizimika je? Slaidi ya hilo sikuiona.

CXL, kiunganishi kipya cha kuongezea prosesa memori ya nje, inanipa matumaini kidogo. Linux huionyesha memori yake kama nodi ya NUMA (fungu la memori lenye umbali wake unaojulikana) isiyo na prosesa, kwa hiyo umbali unauona na unaamua mwenyewe nini kikae wapi. Kinachoniudhi ni kwamba wauzaji walewale wanaiona sifa hiyo kama kasoro ya kufunikwa.