Viazi visipotoka, maduka yanalala

Mwandishi, kwenye makala yako umesema miji yetu ya huku Mbeya kama Tukuyu na pale Uyole inabebwa na maduka na nyumba za wageni, kilimo kimebaki cha kujikimu tu. Hapo sikubaliani nawe ndugu yangu. Hayo mabati na saruji anayenunua ni nani? Njoo Uyole viazi vikishuka kutoka milima ya Uporoto: wapakiaji, mama lishe, bodaboda, mshona magunia na sindano yake ndefu, wote wanakula kwenye gunia lilelile kabla halijaanza safari ya Dar. Mavuno yakikosekana, mwenye duka ndiye wa kwanza kulia biashara ngumu.

Halafu ng'ombe umewasahau kabisa! Huku Rungwe ng'ombe wa maziwa wawili bandani, wanaolishwa matete na kiangazi wakakatiwa migomba, ndio wanaolipa sare za shule na sabuni wakati mahindi bado yako shambani. Mahindi unayasubiri msimu, maziwa unakamua asubuhi na jioni. Samadi nayo inarudi kwenye migomba na kahawa (mbolea ya dukani bei yake mnaijua).

Ungeandika kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo na kununuliwa kama gunia moja, ningekupigia makofi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini bado tunayaona yameshonewa kichuguu juu. Hizo kilo za ziada ni hela ya kijijini inayopanda lori bure. Ya barabara za huko milimani wakati wa masika, tuyaache.