Madoa meupe hayarudi, bali hayakuondoka

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo wanaamini kwamba kimelea cha madoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis, kimo katika kila tangi, kimelala tu, kikingoja samaki adhoofike. Si kweli, na kwa maoni yangu imani hiyo ndiyo inayolea tatizo, kwa sababu inamfanya mtu aone ugonjwa kama majaliwa. Kimelea hiki hakiwezi kulala miezi kadhaa majini bila samaki. Kichanga, yaani kimelea kichanga kinachoogelea, kikikosa samaki wa kuingia, hufa ndani ya siku mbili hivi. Tangi linalopata madoa kila baada ya wiki chache ama limeletewa kimelea kipya, ama halikupona tangu mwanzo. Mara nyingi ni hilo la pili.

Lile doa linalofanana na punje ya chumvi halikukaa juu ya ngozi. Kimelea kimezama chini ya tabaka la nje la ngozi, kinakula seli za samaki na kukua hata kufikia milimita 1. Humo dawa ya majini haikifikii. Kikishiba hujitoa chenyewe, hushuka kwenye changarawe au kunata kwenye mmea, hujifunga ndani ya utando na kuanza kugawanyika: viwili, vinne, vinane, hadi mamia, pengine hata 1,000. Utando ukipasuka, vichanga huogelea kutafuta samaki. Huo ndio muda mfupi ambao dawa inaviua kweli.

Sasa angalia siku ya tatu au ya nne ya matibabu. Samaki ametakata, mwenye tangi anashukuru, anarudisha mkaa wa kusafishia maji kwenye filta na kuweka chupa ya dawa kabatini. Lakini madoa yale hayakuuawa na dawa, yalidondoka kwa sababu yalikuwa yameiva. Siku samaki anapoonekana mzima, sakafu ya tangi inaweza kuwa imejaa vimelea vinavyogawanyika. Matibabu yaendelee angalau wiki moja baada ya doa la mwisho kuonekana, na kwenye maji ya nyuzi 25 jumla isipungue siku 10 hadi 14.

Nasisitiza nyuzi 25 kwa sababu joto ndilo linaloamua kasi ya mzunguko wote. Kwenye nyuzi 25 mzunguko humalizika ndani ya wiki moja au pungufu, kwenye 15 unaweza kuchukua wiki mbili, kwenye 10 mwezi na zaidi. Tangi la Nairobi lisilo na hita mwezi Julai haliwezi kufuata ratiba ileile ya tangi la Dar es Salaam mwezi Februari. Pandisha joto polepole, nyuzi 1 kila baada ya saa chache, hadi 29 au 30 kama aina ya samaki inavumilia. Ongeza pampu ya hewa kabla ya kupandisha, si baada: maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kidogo kuliko ya 25, na matamvua (viungo vya samaki vya kupumulia) yaliyojaa vimelea tayari yanahangaika. Joto peke yake usilitegemee, kwani kuna vimelea vya jamii hii vinavyolistahimili.

Kosa jingine ni hesabu. Tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 45 huuzwa kama la lita 162. Maji yakiishia sentimita 40, ni lita 144. Ondoa nafasi ya changarawe na mawe, unabaki na kama 125. Anayepima dawa yenye malakiti ya kijani (rangi inayoua vimelea) kwa lita 162 amezidisha karibu theluthi, na samaki wasio na magamba, kama kambare, ndio huumia kwanza. Dawa za shaba nazo huua konokono na kamba.

Chumvi ya jikoni inafaa, gramu 2 kwa lita kwa samaki wengi wagumu, yaani gramu 250 kwa tangi hilo. Yeyusha pembeni, tia kwa awamu tatu ndani ya siku moja na nusu. Ukinyonya uchafu wa changarawe na kubadilisha lita 30, rudisha gramu 60 tu. Maji yaliyopungua kwa kukauka yajazie maji matupu, kwa kuwa chumvi haikauki nayo.

Kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu. Samaki aliyeugua akapona hupata kinga, na bado anaweza kubaki na vimelea vichache kwenye matamvua bila doa hata moja mwilini. Akiletwa mgeni asiye na kinga, mgeni ndiye anayejaa madoa, na lawama zinamwangukia yeye. Kabla ya kulaumu, tazama wenyeji: wanaojisugua kwenye mawe au kuhema haraka karibu na bomba la hewa wana la kujibu.

Mgeni naye akae peke yake wiki nne kwenye beseni la lita 40 lenye filta ya sponji, maji ya nyuzi 26. Duka likiwa limeunganisha matangi yote kwenye filta moja, samaki safi kwa macho hakuhakikishii chochote. Wavu na mpira wa kunyonyea vya beseni hilo visiguse tangi kubwa kabla havijakauka kabisa juani, maana kimelea hiki hakivumilii ukavu.